Kauri Hulegea Motoni: Sanamu za Wafinyanzi wa Japani ya Leo

Ukionyeshwa kwa mara ya kwanza picha ya kazi ya Sueharu Fukami, huenda ukadhani ni bawa la ndege au upanga wa barafu. Ni kitu kirefu, chembamba, kimepinda kidogo kama kuti linaloelemewa na upepo, na rangi yake si nyeupe wala si buluu: ni ile ya maji ya kina kifupi asubuhi, kabla jua halijapanda. Hakina mdomo, hakina mpini, hakina mahali pa kutilia kitu. Halafu unaambiwa kwamba ni udongo, tena wa jamii ileile ya kikombe chako cha chai, na kwamba aliyekitengeneza anajulikana kama mfinyanzi. Maswali yanaanza kugongana kichwani. Udongo unapataje ukingo mkali namna hiyo? Kitu hiki kinatumika kufanya nini? Na kama hakitumiki, kwa nini mwenyewe asiitwe mchongaji tu, yakaisha?

Maswali hayo yanaonekana kuwa ya pande tofauti, moja la ufundi, jingine la matumizi, la tatu la majina. Mimi nimekuja kuona kwamba yote yanaanzia mahali pamoja, nako ni tanurini. Kauri, ule udongo mweupe wa vikombe na sahani, kabla haijawa ngumu kama tuijuavyo, hupitia saa ambazo inalegea. Inalegea ikiwa imefungiwa ndani ya moto ambao hakuna mkono unaoweza kuingia kuirekebisha. Kila mfinyanzi wa Japani anayetengeneza sanamu ya kauri leo amelazimika kuamua atafanya nini na saa hizo.

Mtungi hutoka jasho

Chukua mtungi wa maji wa udongo, ule unaowekwa kivulini. Ukiupapasa ubavuni mchana wa jua kali utaukuta na unyevu: unatoka jasho, na jasho hilo ndilo linalopoza maji. Umechomwa kwa kuni na majani makavu, kwenye moto wa wazi ambao kwa kawaida haufiki nyuzi 1,000 za Selsiasi. Kwa joto hilo chembe za udongo zimeshikana, lakini kati yake vimebaki vitundu visivyohesabika, na maji hujipenyeza humo.

Kauri huchomwa kwa nyuzi 1,250 hadi 1,300 hivi, wakati mwingine zaidi. Hapo sehemu ya udongo huyeyuka ikawa kioo, na kioo hicho kikaziba vile vitundu. Ndiyo maana kikombe cha kauri hakitoki jasho, ukikigonga kwa ukucha hulia kama kengele ndogo, na kikiwa chembamba ukakishika mbele ya dirisha, kivuli cha vidole vyako huonekana upande wa pili. Lipo jaribio dogo ambalo yeyote anaweza kulifanya nyumbani. Tafuta kigae cha chungu na kigae cha kikombe cha kauri, vifute vizuri, kisha gusisha ncha ya ulimi pale kilipovunjikia, pasipo na mng'ao. Kigae cha chungu hunata, kwa sababu kinanyonya mate. Kigae cha kauri hakinati. Angalia tu makali yake, maana hukata kama chupa.

Udongo wa kauri una viungo vitatu vikubwa. Kuna kaolini, udongo mweupe ambao jina lake limetoka kwenye kilima cha Gaoling karibu na Jingdezhen, China. Sisi tunao kwenye milima ya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Kuna feldispa, madini yanayoyeyuka na kuwa kile kioo. Na kuna silika, ambayo ni kama mifupa. Wajapani walibahatika kupata mawe ambayo viungo hivyo vimo ndani yake tayari. Jiwe la visiwa vya Amakusa, mkoani Kumamoto, likisagwa na kuchujwa linaweza kufinyangwa likawa kauri bila kuchanganywa na kitu kingine.

Sasa tufike kwenye saa zenyewe. Joto linapokaribia kilele, kauri inakuwa nusu yabisi, nusu kioo kizito mithili ya asali. Haitiririki, lakini haijishikilii sawasawa. Uzito wake wenyewe unaivuta chini. Wakati huohuo inapungua: kuanzia ilipofinyangwa mbichi hadi inapotoka tanurini, hupoteza kama asilimia 12 hadi 15 ya urefu wake, na sehemu nene na nyembamba hazipungui kwa mwendo mmoja. Hapo ndipo nyufa zinapozaliwa. Zaidi ya yote, udongo huu una kinyongo. Chembe za kaolini ni bapa kama magamba ya samaki, na ukiupinda udongo mbichi kisha ukaunyoosha, kwa macho utaona umenyooka, lakini magamba yale hayakurudi yalipokuwa. Motoni udongo unapindika tena kuelekea ulikokuwa. Wafinyanzi husema udongo unakumbuka.

Bakuli linavumilia mateso haya kwa sababu ni la mviringo. Kila upande unauegemea mwingine, kama mawe ya tao, na likipungua linapungua sawasawa pande zote. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya kauri kuwa vyombo kwa karne nyingi kiasi hicho: umbo la chombo ndilo linalopatana na moto. Anayetaka bamba refu lililosimama kwa ncha moja anaachana na ulinzi huo wote. Anaomba kitu ambacho kauri, kwa tabia yake, haitaki kukitoa.

Fukami: kuukatalia moto

Sueharu Fukami alizaliwa Kyoto mwaka 1947, katika familia ya wafinyanzi. Alianza kwenye gurudumu kama wengine. Gurudumu ni chombo chema, lakini lina neno moja tu, nalo ni duara. Kila kitokacho juu yake kinazunguka mhimili, na ukikitazama kwa makini unaona mistari ya vidole ikipanda kama ngazi. Yeye alitaka mstari usiorudi ulikotoka.

Njia aliyoichagua ni ya viwandani. Viwanda vya vyombo hutumia uji wa udongo: kauri iliyokorogwa na maji pamoja na chumvichumvi kidogo, kama silikati ya sodiamu, inayoufanya utiririke bila kuongezewa maji mengi. Uji humiminwa kwenye kalibu ya plasta, ile inayotumika pia kufungia mfupa uliovunjika. Plasta inanyonya maji, na udongo unaanza kuganda kwenye kuta za kalibu, milimita kwa milimita. Ukifika unene unaotakiwa, uji uliobaki unamwagwa, na ganda likikauka kidogo linatolewa. Birika nyingi, pamoja na karibu kila sinki la chooni, zimepitia njia hiyo.

Kwenye kalibu ndefu na nyembamba, uji wa kumimina tu haufiki kila kona na hubaki na mapovu ya hewa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Fukami amekuwa akiusukuma uji ndani ya kalibu kwa nguvu ya kompresa, mashine ya aina ileile inayojaza upepo kwenye matairi. Msukumo unafukuza hewa na kuubana udongo mpaka unakuwa mzito na sawia kutoka ncha hadi ncha. Hilo la usawa ndilo siri kubwa. Udongo ulio sawia unapungua kwa mwendo mmoja, kwa hiyo hauna sababu ya kujipinda.

Baada ya hapo ni subira. Umbo linaachwa likauke polepole sana, maana upande mmoja ukitangulia kukauka ufa unakuwa umeshaanza hata kama hauonekani. Likishakauka linachomwa kwa moto wa kwanza, mdogo, wa kulitia nguvu za kushikika. Kingo zinanolewa. Uso unasuguliwa mpaka hakuna alama ya mkono wala ya kalibu. Kisha linapuliziwa glezi, yaani maji ya madini yanayogeuka kioo, ndipo linaingia kwenye moto mkubwa.

Glezi anayotumia huitwa kwa Kijapani seihakuji, kauri ya buluu na weupe, na asili yake ni Jingdezhen ya enzi za nasaba ya Song. Rangi ile haitokani na rangi yoyote iliyotiwa. Inatokana na chembechembe za chuma, kiasi kidogo mno, zilizomo kwenye glezi. Tanuri likiwa na hewa tele, chuma hutoa umanjano, kwa sababu ileile inayofanya msumari ushike kutu. Fundi akiuminya moto, akaunyima hewa, moto wenye njaa unanyang'anya oksijeni kutoka kwenye madini yenyewe, na chuma kinageuka kuwa buluu hafifu. Pale glezi ilipotuama rangi inakolea kama maji ya kidimbwi. Kwenye ukingo, ambako glezi iliyoyeyuka inajivuta na kubaki nyembamba, weupe wa kauri unatokeza.

Itazame sasa upya ile picha ya mwanzo. Mstari mweupe unaouona kwenye makali ya bamba, unaolifanya lionekane kama linawaka, haukuchorwa. Ni mahali ambapo glezi imekaribia kwisha. Fukami alichofanya ni kuunoa ukingo kwa unyofu kiasi kwamba glezi haikuwa na pa kushika, na moto ukamchorea mstari ule mwenyewe. Mwaka 1985 alipata tuzo kuu ya mashindano ya kimataifa ya Faenza, mji wa Italia unaoheshimika sana katika ufinyanzi, na tangu hapo kazi zake zimeingia katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani.

Wapo wanaoona kwamba kutumia kalibu na kompresa ni udanganyifu, kwamba mkono wa mfinyanzi haumo. Sikubaliani nao. Kalibu ya kiwandani hutumiwa ili vitu elfu vifanane kwa urahisi. Ya kwake hutumiwa kufikia kitu kimoja ambacho hakifikiki kwa njia nyingine, na bado tanuri linaweza kukikataa siku ya mwisho kabisa, baada ya kazi ya miezi.

Nagae: kuuachia moto

Shigekazu Nagae alizaliwa mwaka 1953 katika mji wa Seto, mkoani Aichi. Seto ni jina zito. Wajapani wengi wanaposema vyombo vya udongo vya aina yoyote husema setomono, vitu vya Seto, kama Waingereza wanavyoita kauri yote kwa jina la China. Karne ya 20 mji huo ulijaa viwanda vilivyomimina uji wa kauri kwenye kalibu kutengeneza visanamu vya mapambo, wanasesere, ndege, mabibi wa Kizungu wenye magauni mapana, na kuviuza Marekani na Ulaya kwa wingi. Baada ya makubaliano ya Plaza ya mwaka 1985, ambamo nchi tajiri zilikubaliana kushusha thamani ya dola, yeni ilipanda thamani, bidhaa za Seto zikawa ghali kwa wanunuzi wa nje, na viwanda vingi vikafunga milango.

Nagae ametoka ndani ya kazi hiyo, katika familia ya watu wa kalibu. Wasanii wenye jina waliiona kumimina kuwa shughuli ya vibarua. Yeye aliichukua kwa heshima, akaisogeza mbali zaidi ya pale kiwanda kilipoifikisha. Humimina maganda membamba mno, mengine kama karatasi nzito, akayaunganisha kadhaa kwa mpangilio wa kufuatana. Halafu anafanya jambo ambalo msimamizi yeyote wa kiwanda angemfukuzia kazi: anayaweka tanurini yakiwa yamening'inizwa au yameegemezwa bila ya kuyazuia yasilegee.

Zile saa zikifika, maganda yanainama. Uzito unavuta, joto linalainisha, na kila ganda linashuka kwa kiasi chake, likisukumana na jirani yake. Tanuri likipoa, kilichokuwa safu ya maumbo yaliyonyooka kimekuwa kitu kama kurasa za kitabu zilizofunguliwa na upepo, mkunjo ukifuata mkunjo. Hakuna mkono ungeweza kuipinda kauri hivyo. Ikiwa mbichi ingeraruka au ingeshika kile kinyongo, na ikiwa imeiva ingevunjika. Mipindo ile inapatikana katika saa chache tu za maisha yake, na wakati huo mlango umefungwa.

Usidhani ameacha mambo yajiendee. Anajua unene gani utainama kiasi gani, na akiamua ganda liwe jembamba zaidi upande mmoja, anajua moto utalielewa vipi. Ni kama mtu anayepanga mto upite wapi kwa kuchimba mtaro, kisha anaketi kusubiri mvua.

Kati ya Fukami na Nagae, sanamu nyingine nyingi za leo zinapata mahali pa kukaa. Satoshi Kino, aliyezaliwa Kyoto mwaka 1987, amerudi kwenye gurudumu lenyewe: anavuta pete kubwa nyembamba ya kauri, anaikata, na kuifungua iwe utepe unaojisokota hewani. Mfululizo wake unaitwa Oroshi, upepo unaoteremka kutoka mlimani. Tsubusa Kato, wa mwaka 1962, hutumia kaolini nyeupe sana kutoka New Zealand na kuipasua na kuirarua, kisha glezi inamiminika kingoni na kuganda kama matone ya barafu. Kwake hata mpasuko, ambao fundi mwingine angeutupa jalalani, ndio unaobeba kazi.

Mbona asiitwe mchongaji?

Hapa jambo linageuka kuwa la maneno, na maneno haya yana historia ndefu.

Kauri ya Japani ilianzia Arita, kisiwani Kyushu. Jeshi la Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani wa wakati huo, lilivamia Korea kati ya 1592 na 1598, na mabwana waliorudi walikuja na wafinyanzi wa Kikorea kama mateka. Mmoja wao, Yi Sam-pyeong, anakumbukwa kama mtu aliyegundua jiwe la kauri katika mlima wa Izumiyama, na mji wa Arita huhesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1616. Miongo michache baadaye nasaba ya Ming iliporomoka China, biashara ya Jingdezhen, mji mkuu wa kauri wa China, ikayumba, na Waholanzi wakageukia Japani. Oda yao kubwa ya kwanza ni ya 1659. Ninapenda kulikumbusha hili kwa sababu mara nyingi kauri nyeupe ya Japani husifiwa kana kwamba ilichipuka yenyewe. Ilianzishwa na watu walioondolewa makwao kwa nguvu.

Tangu wakati huo sanamu zilikuwepo. Makumbusho ya Uingereza mjini London yana jozi ya tembo wa kauri wa mtindo wa Kakiemon, ukoo wa wafinyanzi wa Arita, wa miaka ya 1660 hadi 1690 hivi, weupe, wenye matandiko ya rangi na macho ya kibinadamu kidogo, kama kazi ya mtu aliyesimuliwa tembo lakini hakubahatika kumwona. Kwa hiyo umbo la kauri lisilo chombo si jambo la jana. Kilichokuwa hakipo ni ukuta kati ya msanii na fundi. Neno la Kijapani la sanaa kwa maana ya Kizungu, bijutsu, liliundwa wakati Japani ikijiandaa kwa maonyesho ya dunia ya Vienna ya mwaka 1873. Serikali ilihitaji kutafsiri makundi ya maonyesho kutoka Kijerumani. Uchoraji na uchongaji ukawekwa chumba kimoja, na ufinyanzi, ufumaji na kazi za laka zikaishia chumba kingine, kiitwacho kogei, yaani kazi za ufundi. Mfinyanzi aliamka siku moja akajikuta nje ya nyumba ambayo siku iliyotangulia haikuwepo.

Walioanza kuupiga teke mlango ni vijana wa Kyoto baada ya vita. Mwaka 1948 Kazuo Yagi, Osamu Suzuki, Hikaru Yamada na wenzao waliunda kikundi cha Sodeisha. Mwaka 1954 Yagi alionyesha pete ya udongo iliyosimama wima, imeotwa na vibomba kama miguu ya mdudu. Sehemu zake zilitoka kwenye gurudumu, chombo kile cha kutengenezea vyombo, na bado haikuwa chombo. Jina lake ni Matembezi ya Bwana Samsa, yule mtu wa hadithi ya Franz Kafka anayeamka akiwa mdudu.

Lakini Sodeisha kwa sehemu kubwa walifanya kazi na udongo mzito, wa rangi za ardhi. Utamaduni wa chai ulikuwa umewazoesha Wajapani kuona roho katika bakuli la kahawia lenye kasoro, na kauri ikabaki na sifa ya ubaridi, kitu cha wachora maua na cha viwanda. Suzuki ndiye aliyeanza, miaka ya 1970, kuleta glezi ya seihakuji kwenye maumbo yake yasiyo vyombo. Mfumo wa serikali wa kuwatunza mafundi wakuu, ambao kwa mazungumzo huitwa Hazina Hai za Taifa na ulianza kuwateua mwaka 1955, umewaheshimu mafundi wa kauri nyeupe kama Manji Inoue, aliyeteuliwa mwaka 1995. Heshima hiyo inafuata mbinu za urithi, na kazi za mafundi hao ni vyombo: mitungi, mabakuli, vyungu vya maua. Mwenye kutumia weupe uleule kutengeneza upepo au wimbi husimama pembeni.

Kwa swali la matumizi, msomaji wa pwani ana jibu karibu kuliko anavyodhani. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, kuna makaburi ya nguzo ambamo waliopita walipachika mabakuli ya kauri ya China. Lamu na Pate, zidaka za nyumba za kale zilipangwa sahani ambazo hakuna aliyezilia wali. Bakuli likishapigiliwa ukutani kwa chokaa limekoma kuwa la mchuzi. Linatazamwa, linang'aa, linasema jambo kuhusu marehemu au kuhusu nyumba. Wazee wetu hawakuhitaji neno jipya kulikubali hilo. Hata jina tulilolipa ni lilelile la simbi zinazookotwa ufukweni, kauri, kama Waitaliano walivyoiita porcellana kwa jina la simbi. Watu wa bahari mbili tofauti waliona mng'ao uleule.

Kwa hiyo, mfinyanzi au mchongaji? Mimi ningemwita mfinyanzi, tena kwa msisitizo. Mchongaji wa mninga au wa mawe anaondoka kwenye kazi yake ikiwa imekwisha. Hawa wanaikabidhi kazi kwa tanuri ikiwa haijakwisha, na uamuzi wao mkubwa wote unahusu kile kitakachotokea wakiwa hawapo.

Ningekosa uadilifu nikimaliza bila kutaja kwamba si kila sanamu ya kauri ya Japani ni tulivu na ya buluu hafifu. Harumi Nakashima, wa mwaka 1950, hufinyanga kwa mkono maumbo yanayovimba na kuoteana kama povu la sabuni, yenye madoa ya buluu yanayoyumbisha macho. Katsuyo Aoki, wa 1972, hutengeneza mafuvu ya kichwa ya kauri nyeupe yaliyomezwa na mapambo ya makasri ya Ulaya, mfululizo anaouita Predictive Dream. Yuriko Matsuda anachukua rangi za sherehe za Arita na Kyoto na kuzipaka kwenye nyayo na viungo vya mwili. Hitomi Hosono, mzaliwa wa Gifu anayeishi London, hubandika mamia ya majani na petali nyembamba, kila moja imetoka kwenye kalibu yake ndogo, mpaka bakuli lililo chini yake linasahaulika.

Na yupo Takahiro Kondo. Babu yake, Yuzo Kondo, alikuwa Hazina Hai tangu 1977 kwa uchoraji wa buluu ya kobalti juu ya kauri. Mjukuu, aliyezaliwa 1958, alirithi buluu ile lakini akatafuta njia ya kuileta na maji yenyewe. Aliunda glezi ya dhahabu, fedha, platini na unga wa kioo, akaipatia hataza. Ikichomwa haitandazi, inajikusanya matone, kama umande juu ya jani la yungiyungi. Huiita gintekisai.

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko lilipiga kaskazini-mashariki mwa Japani, bahari ikaingia nchi kavu, na mtambo wa nyuklia wa Fukushima Daiichi ukaharibika. Baada yake Kondo alianza kutengeneza watu. Alichukua umbo la mwili wake mwenyewe, ameketi miguu imekunjwa kama mtu anayetafakari, akaumimina kwa kauri. Mfululizo huo unaitwa Reduction, neno la Kiingereza lenye maana ya kupunguza, ambalo wafinyanzi hulitumia kwa ule moto ulionyimwa hewa. Kwa kuwa kauri hupungua tanurini, anayetoka humo ni mdogo kuliko aliyetoa mwili wake. Ameinamisha macho. Kichwani, mabegani na juu ya mapaja amefunikwa matone ya fedha, na ukimtazama haraka utadhani ametoka majini sasa hivi au amenyeshewa. Ukimsogelea unaona kwamba matone hayateremki. Yameungua pamoja na ngozi yake, na kitambaa hakiyafuti.